Q ya Koili: Kifaa cha Kupimia Kinachoundwa Nyumbani na Tatizo la Jina

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza jinsi wanaredio wa ridhaa wanavyojiundia kifaa cha kupimia Q ya koili, na papo hapo yanajadili jina ambalo dhana hiyo inastahili kupewa katika Kiswahili. Mambo haya mawili hayatenganiki. Mwanafunzi aliyepewa istilahi inayopotosha hutafuta katika kifaa jambo ambalo kifaa hakikuundwa kulipima, na asipolipata hukilaumu kifaa.

Herufi Q iliingizwa katika taaluma hii na K. S. Johnson, mhandisi wa kampuni ya Western Electric nchini Marekani. Mwaka 1914 alikuwa akitumia herufi K kwa uwiano huo. Kufikia mwaka 1920 alikuwa amechagua Q. Maelezo yake, yaliyohifadhiwa na E. I. Green katika makala ya mwaka 1955, ni ya kushangaza kwa wepesi wake: herufi hiyo haikuwakilisha neno lolote. Herufi nyingine zilikuwa zimekwisha kutwaliwa kwa matumizi mengine, naye akachukua iliyobaki. Kulihusisha na neno la Kiingereza lenye maana ya ubora ni jambo lililofuata baadaye. Kwa hiyo anayetafsiri dhana hii kuwa “kipimo cha ubora” hatafsiri dhana yenyewe, bali anatafsiri kisio la watu kuhusu herufi.

2.0 Dhana yenyewe

Q ni uwiano kati ya reaktansi ya koili na ukinzani wake katika masafa fulani. Chukua koili ya mikrohenri 10 katika megahezi 7, yaani kwenye bendi ya mita 40 inayopendwa na wanaredio wa ridhaa. Reaktansi yake ni omu 440 hivi. Ikiwa ukinzani wake katika masafa hayo ni omu 2.2, Q yake ni 200. Ikumbukwe kuwa ukinzani huu sio ule unaosomwa kwa mita ya kawaida ya betri. Katika megahezi 7 mkondo hukimbilia ngozi ya waya, na katika shaba unene unaotumika hasa ni kama mikromita 25 tu. Sehemu ya ndani ya waya karibu haifanyi kazi. Juu ya hayo, mizunguko iliyobanana husukumana mikondo, na kiini au kigae ambamo koili imesukwa nacho hula nishati. Ndiyo maana ukokotoaji pekee hautoshi, na haja ya kupima inabaki.

3.0 Uundaji wa kifaa

Katika miaka ya 1930 kampuni ya Boonton Radio ya New Jersey ilianza kuuza mita za Q ambazo zilikuja kuwa kigezo cha maabara. Kanuni yake ni nyepesi kueleza: volteji ndogo inayojulikana huingizwa katika saketi ya koili na kapasita iliyolinganishwa na masafa, kisha volteji ya kwenye kapasita hupimwa. Ile ya pili ikigawanywa kwa ile ya kwanza, jibu ni Q.

Ugumu unaanza pale fundi anapoiga kanuni hiyo mezani kwake. Volteji ndogo huingizwa kupitia kikinza, nacho kikinza huongezeka kwenye ukinzani wa koili. Akitumia kikinza cha omu 1 kwa sababu ndicho alicho nacho, koili ya mfano wetu itaonyesha Q ya 137 badala ya 200. Kikinza cha omu 0.02 kingetoa 198. Lakini kukiunda kisiwe na induktansi yake mwenyewe si kazi ya jioni moja. Upande wa pili upo mtego mwingine. Katika resonansi, saketi hiyo inalingana na ukinzani sambamba wa omu 88,000. Mita ya volti yenye ukinzani wa omu 100,000 ikiunganishwa hapo, Q inashuka hadi 106. Hata mita ya omu milioni 1 inaishusha hadi 184. Mpimaji, kwa maneno mengine, huisoma koili pamoja na yeye mwenyewe.

Njia inayomfaa zaidi mjenzi wa nyumbani ni ya upana wa bendi. Koili huunganishwa na kapasita nzuri ya hewa, ya aina iliyokuwa ikitolewa katika redio kuukuu. Kwa mfano wetu pikofaradi 52 hivi zinatosha. Kitanzi cha mzunguko mmoja kutoka kwenye osileta huwekwa mbali kidogo na koili, na kitanzi kingine hupeleka ishara kwenye diodi ya jerimani na mita ya sindano. Masafa ya kilele hugawanywa kwa tofauti ya masafa mawili ambapo nguvu imepungua kwa nusu. Kwa Q ya 200 tofauti hiyo ni kilohezi 35. Uzuri wa njia hii ni kwamba kinachopimwa ni masafa, na kihesabu masafa cha bei ndogo hupima masafa kwa usahihi ambao hakuna mita ya volti ya nyumbani inayoukaribia.

Diodi, hata hivyo, haiaminiki: katika volteji ndogo sindano haiendi sawia na ishara. Wajenzi wazoefu hawabishani nayo. Huweka kipunguzi cha desibeli 3 kati ya osileta na kitanzi (vikinza viwili vya omu 300 vilivyoshuka ardhini, na kimoja cha omu 18 katikati, vinatosha kwa saketi ya omu 50), hutafuta kilele, na kuitia alama sindano ilipo. Kisha hukiondoa kipunguzi na kusogeza masafa chini na juu mpaka sindano irejee kwenye alama ileile. Diodi haiulizwi tena kiasi; inaulizwa tu kama viwango viwili ni sawa, na swali hilo inalijibu vema.

Vichanganuzi vidogo kama NanoVNA, vilivyoenea tangu mwaka 2019, vimerahisisha kazi hii. Lakini navyo huielemea koili vikiunganishwa kwa kukaribiana mno, wala havitoi onyo.

4.0 Jina

Neno “ubora” lina kasoro mbili. Kwanza, huashiria sifa ya kudumu ya kitu, ilhali Q ya koili ileile hubadilika masafa yanapobadilika. Pili, hudokeza kuwa kubwa ni heri daima. Saketi ya mwisho ya kipaza nguvu cha valvu kwa kawaida hukusudiwa iwe na Q ya karibu 12 inapofanya kazi, na kuizidisha sana ni kuongeza upotevu. Pendekezo linalofaa zaidi ni “uwiano Q”. Herufi Q haimo katika tahajia sanifu ya Kiswahili, na hapo ndipo penye faida: msomaji hawezi kuikisia neno lolote, kama vile Johnson naye hakuikusudia neno lolote.