Saa ya mkononi haijui ukali wa jua

Swali: Daktari, nina miaka 34, naishi Iringa. Nilijiandaa miezi minne kwa nusu marathoni ya Dar es Salaam, nikilenga kumaliza kwa saa mbili. Tulipaswa kuanza saa 12 asubuhi, lakini mvua kubwa ikanyesha, tukaruhusiwa saa 1:45 jua likiwa limeshatoka. Nilishikilia kasi yangu. Kilomita ya 15 nikapata kizunguzungu, mwili ukasisimka kwa baridi juani pale pale. Nikasimama, sikumaliza. Mwezi ujao nina mbio Tanga. Je, mazoezi yangu yalikuwa na kasoro? Hali ya hewa ikibadilika tena nifanyeje?

Jibu: Sioni kasoro katika mazoezi yako, na kusimama kulikuwa uamuzi sahihi. Kusisimka kwa baridi juani ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kujipoza. Tatizo ni kwamba mpango ulioufanyia mazoezi kwenye ubaridi wa Iringa uliupeleka vile vile kwenye jua la asubuhi la pwani.

Unapokimbia, karibu robo tatu ya nishati unayotumia hugeuka kuwa joto. Mwili hulitoa kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho. Lakini jasho hupoza pale tu linapokauka juu ya ngozi. Lile linalochuruzika hadi kiwikoni na kudondoka halijakusaidia. Mvua ikikatika na jua kuchomoza, hewa hujaa unyevu na jasho halikauki. Wakati huohuo misuli na ngozi vinagombea damu ile ile, moyo unakwenda mbio zaidi. Kwa hiyo kasi ile ile inaugharimu mwili zaidi.

Hata mabingwa hawana ujanja mbele ya joto. Mwaka 2011 mshindi wa Boston Marathon, Geoffrey Mutai wa Kenya, alitumia saa 2:03:02, siku yenye ubaridi na upepo ukisukuma mgongoni. Mwaka uliofuata joto lilifika karibu nyuzi 30. Mutai alijitoa njiani. Mkenya mwenzake, Wesley Korir, aliwaacha wengine watangulie, akajali maji yake, kisha akawapita na kushinda kwa saa 2:12:40.

Basi, mbio zikicheleweshwa, badili lengo kabla ya kuanza. Kwa saa mbili ulihitaji kama dakika 5 na sekunde 40 kwa kila kilomita. Kukiwa na joto na unyevu, anza na dakika 6 na sekunde 10. Ukifika kilomita ya 15 bado una nguvu, ongeza kidogo kidogo.

Wakati wa kusubiri, kaa pakavu na kivulini. Kukiwa na radi, ingia ndani ya jengo au gari, usijikinge chini ya mti, na usitoke hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kusubiri kukizidi saa moja, kula ndizi mbivu na unywe maji kidogo kidogo.

Njiani, kunywa unapoona kiu. Kujaza tumbo maji kila kituo kunaweza kushusha chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari. Maji mengine jimwagie kichwani na shingoni. Usimeze diclofenac wala ibuprofen ili kuzuia maumivu: figo ambazo tayari zinapata damu kidogo zinaweza kuumia. Na kama umeharisha au umekuwa na homa siku za karibuni, hizo mbio ziache.

Mwili pia hujifunza joto, na huchukua siku 10 hadi 14. Huwezi kuhamia Tanga wiki mbili, lakini katika wiki mbili za mwisho unaweza kuhamishia baadhi ya mazoezi mepesi mchana, dakika 30 hadi 40, ukiwa na mwenzako na maji karibu.

Sasa naomba wewe na unaokimbia nao mshike hili. Mkimbiaji akianza kuyumba, kujibu visivyoeleweka, kukasirika bila sababu au kuanguka, hiyo inaweza kuwa dharura ya joto, na inaua. Asiachwe amalizie. Iteni wahudumu wa afya, na mkiwa mnawasubiri mpelekeni kivulini, mvueni nguo za ziada, mmwagieni maji baridi mwili mzima na kumpepea bila kuacha. Likipatikana beseni kubwa au pipa la maji ya barafu, mtumbukizeni hadi shingoni, mtu mmoja amshikilie kichwa. Kumpoza kuanze pale pale alipoanguka. Safari ya hospitali ifuate. Kama hajitambui sawasawa, msimpe kitu cha kunywa.

Ukifika Tanga, kilomita tano za kwanza usiangalie saa. Zungumza na aliye pembeni yako. Ukiweza kutamka sentensi nzima bila kukatika pumzi, kasi hiyo inakufaa kwa hali ya hewa ya siku hiyo. Ukishindwa, punguza, hata kama kilomita ni ya pili na umati wote unakupita.