Ukiugua Ugenini: Msaada Huanzia Nyumbani

Wakaazi wengi wa Kisiwa cha Mombasa husafiri nje ya nchi: kwa Umra na Hija, kuwaona jamaa Muscat na Dubai, au kutafuta kazi Ghuba. Maandalizi huwa ni nguo, zawadi na tiketi. Ni wachache wanaojiuliza: nikianguka huko, nani atajua ninaumwa nini?

Chukua mfano wa bibi wa miaka 65 kutoka Mji wa Kale, mwenye kisukari na presha, aliyekwenda Makka na mwanawe. Dawa zake anazijua kwa rangi. Joto linamzidi, anapoteza fahamu. Daktari anauliza anatumia dawa gani. Mwana anajibu, "Ile nyeupe ya mviringo." Hapo daktari hana pa kuanzia.

Hatari hiyo si ya kubuni. Katika Hija ya mwaka 2024 joto lilipita nyuzi 50 na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo vya mahujaji 1,301. Wengi wao walikuwa wamesafiri bila vibali rasmi, wakatembea juani mbali na mahema na huduma.

Barua ya daktari. Mwombe daktari wa kliniki yako aandike kwa Kiingereza ugonjwa wako, dawa kwa majina ya kitaalamu, kipimo cha kila moja na mzio ulio nao. Jina la dukani hubadilika nchi hadi nchi. La kitaalamu hueleweka na wauguzi kila mahali. Beba nakala moja, nyingine apewe unayesafiri naye.

Dawa. Ziache katika pakiti zake na uzibebe mkononi. Insulini isiwekwe katika mizigo ya chini ya ndege, kwani ikiganda huharibika. Dawa zenye kodeini au tramadoli zinadhibitiwa vikali katika nchi za Ghuba. Uliza ubalozi wa nchi unayokwenda kabla ya kuzifunga sandukuni.

Chanjo. Ya homa ya uti wa mgongo kwa wanaokwenda Hija na Umra ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Cheti cha homa ya manjano nacho huanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo, na hudumu maisha yote.

Nambari za ambulensi. Saudi Arabia ni 997. Kwa ushauri wa afya piga 937. Muungano wa Falme za Kiarabu ni 998, Oman 9999, Qatar 999. Ziandike pia kwenye karatasi, kwa kuwa simu huzima chaji.

Lugha. Kiswahili kina maneno mengi ya Kiarabu, lakini yasikupoteze. Ukitafuta "dharura" hospitalini hutaona bango lake: mlango wa dharura huitwa *tawari*. Hospitali ni *mustashfa*, duka la dawa ni *saidaliya*, ambulensi ni *isaaf*.

Gharama. Kadi ya SHA si bima ya safari. Visa ya Umra huja na bima ya dharura. Mdai wakala wako nakala yake na uisome inalipia nini. Anayekwenda kazini athibitishe bima ya mwajiri kabla ya kutia sahihi mkataba.

Ubalozi. Kenya ina ubalozi Riyadh, Abu Dhabi, Muscat na Doha. Ubalozi haulipi bili ya hospitali, lakini unaweza kuwasiliana na familia na kukupa hati ya kusafiria iwapo pasipoti imepotea. Weka nambari yake pamoja na zile za ambulensi.

Kama mwana wa yule bibi angekuwa na barua mfukoni, daktari angejua mara moja kuwa ana mgonjwa wa kisukari, na angeanza kwa kupima sukari. Barua hiyo huandikwa hapa nyumbani, katika kliniki anayohudhuria kila mwezi. Mwenye mzazi anayejiandaa kusafiri amsindikize kliniki wiki hii, na mfuko wa dawa zake mkononi.