Kutoka Dar hadi Butiama kwa Baiskeli

Swali: Msomaji mmoja amealikwa na marafiki kwenye msafara wa hisani wa baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Butiama. Yeye huendesha Jumapili tu, kilomita 20 hivi. Je, miezi minne ya mazoezi inatosha?

Jibu: Inatosha, mradi aanze wiki hii. Msafara wa Twende Butiama, unaomuenzi Mwalimu Nyerere aliyefariki 14 Oktoba 1999, huzidi kilomita 1,000, na njiani washiriki hupanda miti na kukabidhi madawati shuleni. Mapafu si tatizo kubwa. Tatizo ni makalio.

Kinachowaumbua wageni wengi ni michubuko ya siti. Avae kaptura yenye sponji, bila chupi ndani, ajipake mafuta mazito, na aivue mara tu anapofika kambini. Siti nayo ipimwe: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuyumba.

Mazoezi ya maana ni ya siku mbili mfululizo, ili mwili uzoee kupanda baiskeli ukiwa bado umechoka. Ale kabla njaa haijabisha hodi: ndizi, tende, hata kashata.

Kuhusu michango atakayoomba kwa ajili ya msafara, awaulize marafiki mapema kama fedha hizo zitalipia pia chakula na malazi yake. Wachangiaji huenda wakadhani zote ni za madawati; waambiwe kabla hawajatuma kwa simu. Tyubu za akiba, hizo ajinunulie mwenyewe.