Kufundisha Kilimo cha Mboga katika Bustani yenye Kivuli

Shule nyingi za msingi zina kipande cha bustani nyuma ya madarasa, chini ya miembe au kando ya ukuta mrefu. Mara nyingi hicho ndicho anachopewa mwalimu mgeni, kwa kuwa penye jua pamekwisha kulimwa. Wanafunzi hupanda nyanya, hupalilia, humwagilia, na mwisho hupata majani matupu. Hapo huambiwa kuwa ni wavivu. Mtoto aliyejitahidi asivune kitu, kisha akalaumiwa, hujifunza jambo moja tu: kwamba jembe ni adhabu. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikusudia kinyume chake, yaani kazi ya shamba iwe sehemu ya masomo.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba somo lianze kwa kupima mwanga, kabla mbegu yoyote haijatiwa ardhini.

1. Kupima mwanga

Wanafunzi wa darasa la tano waigawe bustani kwa kamba na vigingi katika miraba ya mita moja. Kila saa, tangu saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, mjumbe wa kila kikundi atazame miraba yake na kuandika J penye jua na K penye kivuli. Zamu za jioni wapewe wanaokaa karibu na shule. Idadi ya J ndiyo saa za jua za mraba huo, nayo itiwe katika ramani ya bustani.

Kipimo kimoja hakitoshi. Mwezi wa Juni, hapa Tanzania, jua la saa 6 mchana huwa upande wa kaskazini na vivuli huangukia kusini. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka. Tuta lililo kusini mwa mwembe laweza kukosa jua mwezi wa Juni na kulipata Desemba. Zoezi lirudiwe kila muhula, na hapo jiografia itakuwa imeingia bustanini.

2. Kuchagua mboga

Mmea hutengeneza chakula chake kwa nguvu ya mwanga, na kuzaa matunda hudai chakula kingi kuliko kutoa majani. Basi ramani na isomwe hivi:

(a) Saa 6 au zaidi: nyanya, bilinganya, bamia na pilipili. Mchicha nao, ingawa ni mboga ya majani, hupenda jua.

(b) Saa 3 hadi 5: spinachi, figiri, saladi, mnavu, na kunde zinazolimwa kwa ajili ya majani tu.

(c) Chini ya saa 3: tusipande mboga. Pachimbwe shimo la mboji, ambalo kivuli hulisaidia lisikauke upesi.

Ili wanafunzi wasiamini kwa kuambiwa tu, wapande mbegu za aina moja katika makopo mawili yenye udongo ule ule, moja juani na jingine kivulini. Baada ya majuma matatu walinganishe urefu wa mashina, unene wake na rangi ya majani. Mche wa kivulini huweza kurefuka zaidi, lakini huwa mwembamba na dhaifu.

3. Kutunza bustani

Mti hunyang'anya mwanga juu na maji chini. Matuta yawe mbali na shina, na miche ipewe nafasi kubwa kuliko kawaida. Tumwagilie asubuhi, kwa sababu majani yanayolala na maji huleta ukungu. Matawi ya chini yaweza kupunguzwa kwa idhini ya mwalimu mkuu, lakini mti wenyewe usikatwe.

Wakulima wa Kilimanjaro wametufundisha zamani kupanga mimea kwa ngazi. Katika kihamba, miti mirefu huwa juu, hufuata migomba, kisha kahawa, na magimbi chini kabisa. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo, katika kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani.

4. Tathmini

Tusipime somo hili kwa uzito wa mavuno peke yake. Mwanafunzi asimame mbele ya tuta lake aeleze kwa nini mboga ile imepandwa pale. Akiweza kueleza, hata tuta lililodumaa litakuwa limemfundisha. Asipoweza, hatuna budi kurudi naye kwenye ramani, wala si kumwongezea palizi.