"Imejaribiwa kwa Wanyama": Maana ya Maneno Haya kwa Mtumiaji wa Dawa

Mkazi wa Msasani hahitaji kwenda mbali ili akutane na maneno "imejaribiwa kwa wanyama". Huyasoma kwenye kopo la unga wa mizizi dukani Namanga, huyasikia kutoka kipaza sauti cha mchuuzi Bonde la Mpunga, na huyapokea katika simu yake pamoja na picha ya panya mweupe. Maneno hayo yaweza kuwa ya kweli, na bado yakampotosha. Katika somo hili tunaeleza kazi ya jaribio la wanyama, mahali linapokomea, na maswali ambayo mtumiaji anapaswa kuuliza kabla ya kutoa fedha yake, au, jambo lililo zito zaidi, kabla ya kuacha dawa aliyoandikiwa hospitalini.

Kwa nini wanyama hutumika

Mwaka 1937 huko Marekani iliuzwa dawa ya maji iliyochanganywa na kimiminika chenye sumu. Haikuwa imejaribiwa kwa mnyama yeyote. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilitunga sheria ya kumtaka mtengenezaji athibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya jaribio la wanyama: kuizuia sumu isimfikie binadamu.

Kazi ya pili ni kuonyesha njia. Mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best wa Toronto, Kanada, waliwaondoa mbwa kongosho, wakapata kisukari, kisha wakawachoma dawa iliyokamuliwa kutoka kongosho. Sukari ilishuka. Januari 1922 dawa hiyo alipewa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Sindano ya kwanza haikumfaa. Ilibidi dawa isafishwe upya, na siku 12 baadaye ndipo ikamfaa. Kwa hiyo hata insulini, pamoja na mafanikio yake kwa mbwa, ilihitaji hatua nyingine kabla ya kuwa tiba ya mtu.

Mahali jaribio linapokomea

Mwili wa mnyama si mwili wa binadamu. Dawa ya thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikasifiwa kuwa salama, na wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa sokoni mwaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wameathirika, wengi wakizaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Baadaye ilibainika kwamba panya wa maabara hawaonyeshi madhara hayo kwa urahisi, ilhali baadhi ya sungura huyaonyesha.

Kipimo nacho hakihamishwi kwa kuzidisha uzito tu. Mwili mdogo huichoma dawa haraka zaidi. Kwa kawaida watafiti hugawanya kipimo cha panya mkubwa wa maabara, kwa kila kilo ya uzito, kwa takriban 6 ili kukadiria kipimo cha mtu, kisha huanza chini ya hapo. Mchuuzi anayesema "vijiko viwili asubuhi na jioni" kwa sababu panya walipona hajafanya hesabu hiyo.

Ngazi zinazofuata

Baada ya wanyama huja majaribio kwa watu waliojitolea: kwanza wachache ili kupima usalama, kisha wengi zaidi, na mwisho maelfu. Mfano ulio karibu nasi ni chanjo ya malaria ya RTS,S. Utafiti wake ulianza miaka ya 1980. Katika hatua ya tatu, kati ya mwaka 2009 na 2014, ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, wakiwemo watoto wa Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Bidhaa iliyoishia kwa panya imesimama kwenye ngazi ya chini ya safari hiyo.

Mikono ya daktari mpasuaji

Wanyama hutumika pia katika kufundisha upasuaji. Msasani ina hospitali ya CCBRT, inayojulikana kwa tiba ya macho, na wasomaji wetu wengi wanamfahamu mzee aliyetolewa mtoto wa jicho. Katika vyuo vingi duniani, daktari anayejifunza kazi hiyo huanza na jicho la nguruwe au la mbuzi kutoka machinjioni. Siku hizi yapo pia macho bandia. Madaktari wanafunzi 50 kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Zimbabwe walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Katika mwaka wa kwanza, waliofundishwa kwa macho bandia walipasua utando wa nyuma ya lenzi kwa asilimia 7.8 ya upasuaji wao. Wenzao ambao hawakuwa wamepata mafunzo hayo walifikia asilimia 26.6.

Matokeo hayo yanaafiki kanuni iliyotolewa Uingereza mwaka 1959 na William Russell na Rex Burch: panapowezekana, mnyama abadilishwe kwa njia nyingine, idadi ipunguzwe, na maumivu yapunguzwe. Hapa nchini ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

1. Ilijaribiwa kwa mnyama gani, na kwa ugonjwa gani?
2. Je, imejaribiwa kwa watu? Wangapi, na wapi?
3. Je, imesajiliwa? Dawa za hospitali husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Dawa za asili zinahusu Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.
4. Inafaa kwa mjamzito, mtoto, au mwenye ugonjwa wa figo au ini?
5. Inapatanaje na dawa ninazotumia sasa?

Muuzaji akishindwa kujibu, mtumiaji asinunue.

Zoezi

Bibi mmoja mwenye kisukari anachoma insulini kila siku. Jirani anamletea unga na kumwambia: "Acha sindano, Bibi. Huu umeshusha sukari ya panya." Jadilini nyumbani: jirani amethibitisha nini, na hajathibitisha nini?

Jibu letu: amethibitisha, ikiwa anasema kweli, kwamba sukari ya panya fulani ilishuka. Hajathibitisha kipimo cha mtu, usalama wake, wala kwamba unga waweza kushika nafasi ya insulini. Mgonjwa anayeitegemea insulini akiiacha, hali yake yaweza kuwa ya hatari ndani ya siku chache. Bibi aendelee na sindano, na aupeleke unga huo kwa daktari wake kabla ya kuuonja.