Redio ya Upepo na Radi: Ethi Ziunganishwe

Tunawakumbuka walio kwenye vituo ambako redio ya upepo bado ni tegemeo.

Mwaka 2006 nilifika katika zahanati moja siku mbili baada ya radi. Redio ilikuwa imeungua. Muuguzi alishindwa kuita gari la wagonjwa, akampeleka mama mjamzito kwa baiskeli usiku. Namshukuru Mungu walifika salama. Kilichonishangaza ni kwamba mlingoti wa antena ulikuwa na ethi, yaani waya wa kupeleka radi ardhini, tena mnene wa shaba. Wazee walisema radi ile ilitumwa. Mimi nilizunguka nyuma ya jengo nikakuta ethi nyingine, ya sola, imechimbiwa peke yake. Hakuna waya uliounganisha hizo mbili.

Kosa lilikuwa hapo. Radi ya kawaida hubeba mkondo wa ampea 30,000 hivi. Ukinzani wa ethi ukiwa ohmu 10, zidisha: mlingoti unapanda hadi volti 300,000 kwa kitambo kidogo sana, wakati ethi ya sola bado iko chini kabisa. Umeme hutafuta njia kati yake, na njia iliyopo ni kebo ya antena, redio yenyewe na nyaya za betri.

Kwa hiyo ethi zote za jengo ziunganishwe: ya mlingoti, ya sola, na ya umeme wa gridi kama upo (hii ya mwisho aifanye fundi umeme). Waya upite nje, uwe mfupi, usikunjwe kwa kona kali. Kebo ya antena ifungwe kifaa cha kukinga radi pale inapoingia ndani, nacho kiungwe kwenye ethi hiyo hiyo. Fimbo ya shaba izame kama mita 2.4. Kwenye udongo mkavu moja haitoshi. Ongeza nyingine, umbali wa mita 5.

Hata hivyo, mawingu yakianza kukusanyika, chomoa kebo ya antena na nyaya za umeme, kebo ibaki nje. Ukishasikia ngurumo umechelewa. Usiguse chochote, toka chumba cha redio, subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kazi hii apewe mtu mmoja kila zamu; ikiwa ya wote, haifanyiki.

Pale zahanati tuliunganisha ethi zile mbili kwa asubuhi moja. Redio mpya tuliisubiri miezi minne.