Dondoo muhimu: Nakuru kwa mgeni wa siku moja

Anza na kasoko ya Menengai asubuhi, jua likiwa bado pole. Ukingo wa kasoko hiyo uko takriban mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo beba sweta hata kama mjini kuna joto. Masimulizi ya Wamaasai yanasema kwamba Wapurko, kundi mojawapo la Wamaasai, waliwashinda mahasimu wao Walaikipia hapo katika karne ya 19, na wengi wakatumbukia shimoni. Picha ya ukingoni haina thamani ya uhai wako. Rudi nyuma hatua mbili.

Hyrax Hill, kando ya barabara kuu ya Nairobi, hupitwa mbio na wengi. Hasara yao. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, na bado utaona mabaki ya makazi ya kale pamoja na mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Vaa viatu vya kupanda.

Kiingilio cha Hifadhi ya Ziwa Nakuru hulipwa kwa njia ya eCitizen, jukwaa la serikali la mtandaoni, si kwa noti, basi fungua akaunti ukiwa nyumbani. Usifuate flamingo peke yao: maji ya ziwa yamepanda sana, na wengi huonekana zaidi Ziwa Bogoria. Vifaru ndio fahari ya hapa. Ukisimama Baboon Cliff, mwamba ulio ndani ya hifadhi, funga madirisha ya gari. Nyani wanajua chakula kilipo.

Ngome ya Lord Egerton huko Njoro, iliyojengwa kati ya 1938 na 1954, ni nzuri, lakini siku moja haitoshi. Iache kwa safari nyingine.